Gita Linalouma Mgeni

Mzee Wambura tumemzika wiki iliyopita kule Butiama, kwenye shamba lake, mahali ambapo ukisimama unaona mawe makubwa yamepandana kama vile kuna mtu aliyapanga halafu akaondoka bila kuaga. Nilikaa upande wa wanawake chini ya turubai, sahani ya wali mapajani, nikasikia nyuma yangu watu wawili wananiongelea bila kujua kwamba ni mimi. Mmoja alisema, "Huyu mzee ndiye aliyetaka kumuua yule dada wa gita." Mwenzake akasema, "Acha uongo, huyu ndiye aliyemwokoa." Wa kwanza akacheka kidogo, kicheko cha msibani, cha puani. "Basi alifanya yote mawili. Mzee hakuwaga mvivu." Nilimaliza wali wangu taratibu wala sikugeuka. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni mazoea tu ya mistari michache kila siku, kwa hiyo siwezi kujifanya nayajua yote. Mara nyingi nikisoma nilichoandika jana najiuliza kama kweli ndivyo ilivyokuwa. Lakini wale wawili hawakuwepo siku ile, na mimi nilikuwepo, tena nilikuwepo zaidi ya mtu yeyote. Nitasema nilichoona. Mahali ambapo sikuona nitasema sikuona.

Mwaka wa tukio lile nilikuwa naishi Mwisenge, pale Musoma, kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa shangazi yangu, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Shangazi aliuza dagaa, na magunia yake yalikaa upande wa miguu ya kitanda changu, kwa hiyo hata leo nikinusa dagaa waliokauka vizuri vidole vyangu vya kushoto vinaanza kujikunja vyenyewe, vinatafuta shingo ya gita. Nilikuwa napigia kwaya ya kanisa letu gita kavu, lile lisilotumia umeme, na ngoma na kinanda vilikuwa vinalimeza lote. Mimi sipigi kwa kipande cha plastiki kama wanavyopigaga wanaume wengi. Napiga kwa vidole vitupu, dole gumba chini na viwili juu, polepole, kwa sababu nilijifunzia kijijini, huku karibu na Murangi, kwenye gita la mjomba lililofungwa nyuzi za kuvulia sangara, na nyuzi zile ukizichapa kwa nguvu zinalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Vidole vyangu ni vifupi. Na mikono yangu inatoa jasho tangu nikiwa shule, jasho la kulowesha karatasi. Hayo matatu, upole, ufupi na jasho, ndiyo yaliyokuwa mambo yangu yote ya gita, na mawili ya kwanza ndiyo niliyoyafikiria.

Magesa alikuwa mwalimu wa kwaya na ndiye aliyepiga besi. Mtu mrefu, mwenye utani, asiye na subira. Siku moja baada ya mazoezi aliniambia mbele ya wenzangu, "Dada Nyafuru, wewe unapiga vizuri, lakini unapiga peke yako. Sisi hatukusikii. Mungu ndiye anakusikia, na Mungu hanunui kaseti." Watu wakacheka, nami nikacheka. Ilikuwa kweli. Kwaya ilitaka kurekodi kaseti, na kabla ya hapo ilitakiwa iimbe Jumapili ya mavuno mbele ya kwaya za wageni, na kama sauti ya gita haitasikika siku ile, kiti changu angepewa kijana mmoja wa kinanda aliyekuwa anajua kutoa milio ya gita kwa kubonyeza kitufe. Hakuna aliyenitisha kwa hilo. Waliniambia kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioninyima usingizi. Kwaya iliuza dagaa na vitenge, nami nikauza mbuzi wangu, na tulichopata kilitosha kununua gita la umeme la mtu wa hali ya chini, bora tu tusikosee kuchagua.

La kwanza lilikuwa Musoma mjini, kwenye duka la redio karibu na soko. Jekundu, jipya, linang'aa, limening'inizwa juu kama nyama buchani. Muuzaji alikataa kulichomeka kwenye umeme. "Ukinunua utalisikia," alisema. Nikalivaa hivyo hivyo. Lilikuwa zito, mkanda ulinikata begani, na shingo yake nene kama mpini wa jembe, kidole changu kidogo hakikufika kwenye uzi wa mwisho hata nilipojinyoosha. Nataka kuwa mkweli: bei yake ndiyo ilikuwa nzuri kuliko yote tuliyoyaona baadaye, na muuzaji hakutudanganya lolote. Magesa alinitazama nikihangaika, akasema, "Hili linakuvaa wewe, siyo wewe unalivaa." Tukatoka.

La pili lilikuwa Butiama, kwa mama mmoja ambaye mume wake alikuwa amekwenda Buhemba kutafuta dhahabu. Alitupa uji wa mtama na viazi, akaingia ndani, akalitoa gita limefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Lilikuwa jepesi, sauti nzuri ukiligusa karibu na kichwa, lakini ukipanda juu shingoni linadanganya, kwa sababu shingo ilikuwa imepinda. Tulimuuliza mwenye gita anarudi lini. "Alisema wiki mbili," alijibu. Alisema hivyo lini? "Kabla ya mvua." Sisi tulikuwa tumefika pale na vumbi mpaka kwenye kope. Mama yule hakulia, hakuonyesha lolote, alilifunga gita lake upya kwa uangalifu, mafundo mawili, halafu akatuambia, "Nyinyi mnaopitaga huko, mkimwona mwambieni gita lake limepata mtu." Njiani Magesa hakufanya utani hata mmoja. Tulipofika barabara kubwa ndipo aliposema, "Mimi sinunui gita la mtu aliyeko shimoni," na mimi nikasema hata mimi.

Gita la Bunda tulilipata kwa mtu anaitwa Marwa. Aliwahi kuwa na bendi, bendi ikavunjika, akabaki na vyombo chumbani na duka la vipuri vya baiskeli mbele. Chumba hicho nakikumbuka kuliko vyumba nilivyoishi mwenyewe. Kilikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, kalenda ya mwaka uliopita, spika mbili zimewekewa vitambaa vya kufuma kama makochi, na pazia la maua lililotenga upande wa mke wake na jiko. Gita lilikuwa jembamba, la rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, limekwaruzwa mgongoni na vifungo vya mikanda ya wanaume. Nililivaa. Lilikuwa na shingo ya saizi yangu. Nyuzi zilikaa chini, karibu, unazigusa tu zinaitika, hazitaki uzichape. Marwa akalichomeka. Nilipiga kwa vidole vyangu, polepole kama kawaida, na kwa mara ya kwanza maishani nikajisikia nje ya mimi mwenyewe, sauti yangu inatoka kwenye kona nyingine ya chumba. Halafu likaniuma.

Siwezi kueleza vingine. Lilikuwa kama siafu, siafu wengi, kutoka kwenye nyuzi mpaka kwenye kiwiko. Niliachia nikaruka. Marwa alicheka, lakini siyo kwa ubaya. "Mura, mwambie dada yako asiogope," alimwambia Magesa, kwa lile neno la kwetu la kumwita kijana mwenzako. "Linauma mgeni tu. Hata ng'ombe ukimnunua mnadani, siku za kwanza anakupiga teke. Likikuzoea linaacha. Mimi lilinisumbua mwanzoni, sasa angalia." Akalichukua, akapiga, hakuna kitu, anatabasamu. Nilimtazama vizuri, mikono, uso, kila kitu. Sikumtazama miguu. Alikuwa amevaa katambuga, zile ndala nzito za tairi la gari. Sisi tulikuwa tumevua viatu mlangoni kwa heshima ya nyumba. Na kusema kweli hata ningezitazama zile katambuga nisingejua zinasema nini. Magesa naye alikuwa anaamini hivyo hivyo. Wapigaji wengi wa kwetu waliamini. Nilishawasikia Musoma wakijisifu: gita la fulani kali, linauma. Gita lisilouma lilikuwa kama mbwa asiyebweka.

Mke wa Marwa alitukaribisha chakula, ugali wa muhogo na sato wa kukaanga, mkia umekauka vizuri. Tulipokuwa tunanawa, Marwa akaenda nyuma ya pazia kuchukua chumvi, na pazia siyo ukuta. Nikamsikia mke wake anasema kwa sauti ya chini, "Umemwambia?" Marwa akajibu, "Nimemwambia linauma." Mwanamke akasema, "Umemwambia linauma. Hujamwambia habari ya mkono wa mdogo wako." Marwa akasema, "Mkono wa mdogo wangu ni pombe na pikipiki. Nipe chumvi." Akatoka na chumvi. Nilikula tonge mbili, nikaona siwezi, nikamuuliza moja kwa moja: "Kaka, mdogo wako ana nini mkononi?" Hakukasirika. Aliweka tonge chini, akanieleza kwamba mdogo wake ndiye aliyekuwa anapiga gita hilo kwenye bendi, akaanguka na pikipiki usiku ametoka kupiga, mkono ukakakamaa. "Mke wangu anaunganisha mambo," alisema. "Wanawake wanaunganishaga mambo." Mke wake alisimama kwenye pazia, ameshika bakuli la mchuzi, hakukubali wala hakukataa. Alinitazama mimi. Mpaka leo sijui mkono ule uliharibiwa na nini, na sitaki kumsingizia Marwa, ambaye alinijibu mbele ya watu kila nilichouliza. Tulilichukua gita. Nilipokuwa napanda basi mke wake alikuja mbio, akanipa kitambaa. "Cha kufutia mikono," alisema, akarudi.

Kanisa letu lilikuwa na amplifaya, lile sanduku linalokuza sauti, tuliloachiwa na wageni waliokuja kutoka nje. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili, na kuta zetu zina soketi za matundu matatu. Kila mtu anajua dawa yake: unachokonoa tundu la juu kwa kijiti, pale chini panafunguka, unasukuma miguu yako miwili, kazi inaendelea. Kwetu tulitumia kifuniko cha kalamu, na kilikaa pale ukutani muda wote mpaka watoto wakadhani ni sehemu ya soketi. Mazoezi tulifanyia sebuleni kwa Magesa, kwenye redio yake kubwa, nami mara nyingi nikiwa na raba, na gita liliniuma mara chache, kidogo. Nikaanza kuamini linanizoea. Nililifuta kila siku. Nililisemesha hata, naona aibu kuandika hivyo, lakini nililisemesha kama ndama. Shangazi alinikuta akasema, "Huyo mchumba wako atakuoa lini?" Nilicheka. Niliporudi kitandani nikawa najiuliza kwa nini siku nilizopiga kwa Magesa bila raba, miguu ikiwa kwenye mkeka siumwi, na nikikanyaga sakafu siafu wanarudi. Nililiona hilo. Sikujua nilifanyie nini.

Sasa, katika kanisa letu, na bado ni hivyo mpaka leo, madhabahuni hapakanyagwi na viatu. Mchungaji anavua, wazee wanavua, kwaya inavua. Wiki ya mavuno tulihamia kanisani kufanya mazoezi ya mwisho, nikapanda madhabahuni miguu mitupu, Magesa akachomeka gita kwenye lile amplifaya, na nilipogusa nyuzi sikuhisi siafu. Nilihisi mtu amenipiga rungu kwenye kiwiko. Nikashuka nikasema nataka kuvaa kandambili. Aliyehusika na utaratibu wa madhabahu alikuwa Mzee Wambura, mzee wa kanisa, mfugaji, mtu mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mbali.

"Kandambili," alisema. "Wapi?"

"Madhabahuni, mzee. Gita linaniuma."

"Gita linauma?"

"Lina meno, mzee," Magesa akadakia. "Tulipeleke kwa daktari." Kwaya nzima ikacheka, na mimi nilijaribu kucheka.

Mzee hakucheka. "Binti yangu, Musa alivua viatu mbele ya moto. Wewe mbele ya spika unashindwa?"

"Siyo kushindwa, mzee. Nikivaa raba haliumi sana."

"Nikikuruhusu wewe kandambili, kesho kutwa mwingine atapanda na gambuti za kwenye matope. Halafu mimi nitasema nini?" Akanitazama. Nadhani, lakini sina hakika, kwamba alikuwa anatafuta namna. "Kama linauma, piga lile la zamani."

Nikamtazama yule kijana wa kinanda. Alikuwa ameinamisha kichwa, mtoto mwenye adabu, hakufurahia lolote. Nikasema, "Hapana mzee, nitapiga hili. Litanizoea." Hayo ni maneno yangu. Hakuna mtu aliyeyaweka mdomoni mwangu, na mchungaji alipoliombea gita jioni ile, akiliwekea mkono, mimi ndiye niliyesema amina kwa sauti kuliko wote.

Jumapili ya mavuno watu walileta walichonacho, kama kawaida. Madhabahuni palijaa mihogo, mtama kwenye ndoo, ndizi, kuku waliofungwa miguu wakipepesa macho. Watu wa huku Murangi walikuja na beseni kubwa la sato, samaki wa alfajiri hiyo, wamewekewa barafu, na likawekwa upande wa kushoto wa kwaya ili mnada ukianza baada ya ibada liwe karibu. Lilikuwa zawadi nzuri kuliko zote. Niliona tu, wakati kwaya ya Bunda inaimba, kwamba lile beseni lilikuwa na ufa. Maji yalitoka kama uzi, yakashika njia kwenye saruji, yakazunguka ndoo ya mtama, yakasimama kidogo, kama yanauliza njia. Nilikuwa nayatazama wakati mchungaji anaomba. Yalikuwa yanakuja upande wangu na hayakuwa na haraka. Joto la watu lilikuwa kubwa, mabati yanalia juu, mikono yangu ilikuwa imelowa mpaka kile kitambaa cha Bunda hakikufuta tena kitu. Magesa akainua kidole. Tukasimama, na nilipovuta mguu wa kushoto nikasikia ubaridi chini ya unyayo.

Nilipiga mwanzo wote wa wimbo vizuri. Hilo nalisema kwa sababu ndilo ninalolikumbuka vizuri zaidi. Kanisa lilisikia gita langu, watu waligeuza vichwa, na Magesa aliniangalia na macho ya mtu aliyeona amenunua kitu sahihi. Siafu walikuwepo, nikawavumilia. Halafu nikasogea hatua moja kuelekea kwenye maikrofoni ili niimbe sehemu yangu, miguu yote miwili ikaingia kwenye yale maji, na mkono wangu wa kushoto ukafunga. Sikuufunga mimi. Ulifunga wenyewe kwenye shingo ya gita, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuwa nayo. Sikuanguka. Hapo ndipo watu wasipoelewaga. Ningeanguka ningepona mapema. Nilisimama wima nikitetemeka, mdomo wazi, na sauti haikutoka, na mtu akitetemeka madhabahuni kanisani kwetu katikati ya wimbo wa sifa, kila mtu anajua maana yake: Roho amemshukia. Nikasikia kigelegele cha kwanza. Nikasikia, "Mguse, Bwana! Mguse!" Magesa akaashiria ngoma wapandishe. Wakapandisha. Walikuwa wananifurahia. Mama mmoja wa sauti ya pili alinishika bega aniombee, akatupwa nyuma, akakaa kwenye mihogo, na kanisa likalipuka kwa shangwe, kwa sababu hata hilo walishawahi kuliona. Nilikuwa namwona kila mtu. Nilimwona shangazi amepanda juu ya benchi anapunga kanga. Nilifikiri, nitakufa hapa na watapiga makofi.

Nilichosimuliwa baadaye ni hiki. Mzee Wambura alikuwa ameketi kwenye kiti chake nyuma ya mimbari na hakuwa anaimba. Aliinuka, akapita katikati ya kwaya bila kusema samahani, akamsukuma mpiga ngoma, akaukamata waya wa amplifaya kwa mikono miwili na kuuvuta kutoka ukutani pamoja na kifuniko cha kalamu na kipande cha soketi. Amplifaya likaanguka. Ngoma zikaendelea kidogo, halafu zikakosa kitu cha kufuata. Mimi nilianguka hapo ndipo, gita likiwa bado mkononi, na ilibidi wanibandue kidole kimoja kimoja.

Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa chumbani kwa shangazi, miguu yangu imeelekea kwenye magunia ya dagaa, mkono wangu umefungwa. Nyuzi ziliniunguza vidole vinne kwa mistari iliyonyooka, kama mtu amepiga rula, na kidole cha tatu mpaka leo hakikunjiki mpaka mwisho. Nje ya dirisha nilisikia watu kwa siku nyingi wakijadiliana. Wengine walisema gita lina pepo la bendi, lichomwe. Wengine walisema ni wivu wa kwaya za jirani, jambo ambalo siyo haki hata kidogo, wale watu walituletea mchele. Fundi wa umeme aliitwa, akafungua amplifaya, akasema ndani waya mmoja umeungua na kugusa mwili wa sanduku, umeme ukawa unapita mpaka kwenye nyuzi, na lile tundu la juu la soketi tulilolichokonoa kwa kifuniko cha kalamu ndilo lililotakiwa kuuondoa. Gita lenyewe, alisema, halina neno; chombo chochote kinachovujisha umeme, hata redio, kingeliletea siafu. Nilipoambiwa hivyo niliwaza chumba cha Bunda, siafu, pazia, mkono wa mtu nisiyemjua. Sikuunganisha. Nimejizuia nisiunganishe mpaka leo.

Mzee Wambura alikuja kuniona akiwa na kibuyu cha maziwa mgando. Shangazi hakumsalimu. Alikaa kwenye gunia, kofia magotini.

"Wanasema nilikukatalia kandambili," alisema.

"Ulinikatalia, mzee."

"Nilikukatalia." Akaigeuza kofia magotini. "Wakati wa mvua, kwetu, waya wa umeme ulianguka kwenye bwawa. Dume langu likaingia kunywa. Halikuanguka. Lilisimama linatetemeka, linanitazama mimi, na mimi niko ng'ambo, siwezi kitu. Wewe ulinitazama hivyo hivyo. Mtu anayeomba hatazami mtu hivyo."

Shangazi alisema akiwa mlangoni, "Kwa hiyo mwanangu kapona kwa sababu anafanana na ng'ombe."

"Lilikuwa dume zuri sana," Mzee alisema, na hakuwa anatania.

Nikamuuliza kama nikipona nitaruhusiwa kupanda na viatu. Alinywea kidogo, nikaona ni mzee kuliko nilivyodhani. "Hapana," alisema. "Sakafu itakauka, samaki watakaa nje, soketi mpya nimelipia mwenyewe, ina swichi. Lakini viatu hapana. Hiyo siyo yangu, siwezi kuigawa." Nikasema basi huenda sitapanda tena. Akasema, "Hilo ni lako, binti yangu. Sitakulaumu." Akaondoka. Shangazi alitaka kuyamwaga yale maziwa, halafu hakuyamwaga, tukayala na viazi.

Nilikaa bila kupiga mpaka mvua za vuli. Gita lilikuwa chini ya kitanda, kwenye gunia. Kila nilipolitoa mkono wangu ulikumbuka kabla yangu, ulijifunga, ulikataa. Nilijifunza upya kupanga vidole, nikikiacha kile cha tatu kipumzike, na nikagundua kwamba shingo ile nyembamba bado ilinifaa. Magesa alikuja mara nyingi, amekonda, utani umemwishia. Hakuna siku aliyoniambia nirudi. Siku moja nikavaa gauni la kwaya nikaenda, sikumwambia mtu. Kanisani watu walinipisha nilipoingia na lile gunia. Fundi alishalifunga amplifaya, plagi mpya ya miguu mitatu, kila mtu akaapa kwamba ni salama, nami niliwaamini, miguu yangu tu ndiyo haikuwaamini. Nilivua viatu pale chini ya ngazi. Shangazi alifunika uso. Saruji ilikuwa kavu na ya baridi, niliikanyaga kama mtu anayeingia ziwani asipojua kina.

Kiti cha Mzee Wambura nyuma ya mimbari kilikuwa kitupu. Nilidhani hakuja. Kisha nikamwona amesimama kule pembeni, karibu na soketi mpya, miguu mitupu, bega limeegemea ukuta, mkono wa kulia juu ya swichi. Hakuwa anamtazama mchungaji, wala waumini. Alikuwa anatazama vidole vyangu. Sikujua kama ananilinda mimi au anailinda ile madhabahu isije ikaua mtu. Magesa akainua kidole, nikagusa uzi wa kwanza, nikangoja, hakuna kitu, nikagusa wa pili. Ngoma zikaingia. Wimbo wetu una mahali ambapo kanisa lote linainua mikono juu, na tulipofika hapo wakainua wote, wazee kwa watoto, mikono miwili miwili mpaka nyuma mlangoni. Mzee Wambura aliinua mmoja.